Kompyuta ya mezani imegoma kuwaka? Anzia ukutani, Windows iwe ya mwisho

Mwezi wa kumi, korosho zimeanza kuanguka, mama mmoja karani wa chama cha msingi cha ushirika alishuka kwenye basi la Tandahimba hapa Mtwara mjini, kompyuta yake ya mezani kaiviringisha kwenye kanga mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii imegoma tangu juzi, umeme ulikatika usiku ukarudi. Nimeambiwa haina namna, ipigwe Windows upya. Sasa humu mna majina ya wakulima na kilo walizoleta ghalani. Yakifutika haya, nitawatazama watu kwa macho gani?"

Windows yake haikuwa na kosa lolote. Kilichoharibika ni vitu viwili vidogo: kimoja cha kusafisha, kingine cha kununua kwa pesa isiyofika nauli ya kurudi kwake. Kama angekubali ushauri wa kwanza, majina yangefutika na mashine ingebaki imegoma vilevile.

Ndiyo maana naandika haya, ili mwenye stesheneri Mikindani, mwalimu wa Newala au mtu wa ofisi Lindi aweze kujifanyia mwenyewe sehemu kubwa ya kazi kabla hajambebesha mtu mashine. Utaratibu wangu ni mmoja tu: fuata njia ya umeme. Unatoka ukutani, unapita kwenye waya, unaingia pawa saplai (kiboksi kinachogawa umeme ndani ya mashine), madabodi (bamba kubwa linalounganisha kila kitu), RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), picha inatokea kwenye skrini, diski inasomwa, ndipo Windows inaamka. Windows iko mwisho wa foleni. Usiirukie kabla hujawahoji waliotangulia.

Imekwamia wapi?

"Haiwaki" ni neno ambalo watu hulitumia kwa mambo manne yasiyofanana. Kuna mashine iliyo kimya kabisa, hakuna taa, hakuna feni. Kuna inayozungusha feni na kuwasha taa lakini skrini ni giza. Kuna inayoonyesha nembo ya kampuni halafu inasimama kwenye maandishi meupe. Na kuna inayoanza Windows kisha inazunguka bila mwisho, au inaleta skrini ya bluu.

Kabla hujagusa kitu, ijue yako ni ipi. Maandishi yoyote yanayotokea yapige picha kwa simu, hata kama huyaelewi. Kumbuka pia kilichotangulia: umeme ulirudi kwa kishindo? Ilinyesha? Mashine ilihamishwa kwa bodaboda au basi? Majibu hayo matatu peke yake hunipa nusu ya kazi.

Iko kimya kabisa

Chomeka chaja ya simu kwenye tundu lilelile la ukutani. Isipochaji, angalia LUKU na swichi ya tundu. Ikichaji, iondoe ekstensheni njiani na uchomeke mashine moja kwa moja ukutani. Kama unatumia UPS, lile boksi la betri ya akiba, nayo iruke. UPS ambayo betri yake imekufa mara nyingi ndiyo inayoizuia mashine, na mwenyewe hadhani kwa sababu taa yake bado inawaka. Halafu badilisha waya: ule wa monita na ule wa mashine kwa kawaida ni wa aina moja, kwa hiyo una waya wa kujaribia tayari. Plagi ya miguu mitatu ina fyuzi ndani, nayo huungua.

Nyuma ya mashine tazama swichi ndogo ya pawa saplai, iwe upande wa mstari, si wa duara. Pawa saplai za zamani zina pia kiswichi chekundu cha 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Mashine za mtumba kutoka nchi za volti 110 hufika kiswichi kikiwa 115, na ukiiwasha hivyo utasikia mlipuko na kuona moshi. Hilo litazame kabla ya siku ya kwanza, si baada yake.

Sasa kuna hatua ambayo watu huidharau, nami nimefufua nayo mashine nyingi baada ya umeme kukatika na kurudi. Chomoa waya wa umeme kabisa. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde 30. Subiri dakika tano, chomeka, washa. Pawa saplai ikishtuliwa na umeme wa ghafla hujifunga ili isiungue, na haifunguki mpaka chaji iliyobaki ndani iishe.

Ikiendelea kunyamaza, fungua boksi. Waya wa umeme uwe umechomolewa, na ushike chuma cha boksi kwanza ili umeme ulio mwilini mwako utoke. Msimu wa upepo mkavu unaweza kuua RAM kwa kidole usihisi chochote. Kisha nusa. Harufu ya kuungua hukaa siku kadhaa na itakuongoza. Mulika madabodi kwa tochi ya simu, tafuta kapasita, vile vimikebe vidogo vilivyosimama. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Kilichoumuka kama andazi au kinachovuja ute wa kahawia kimekufa, na hapo kazi ni ya fundi mwenye chuma cha kulehemu risasi. Tazama pia wadudu. Sisimizi hupenda joto la pawa saplai, na zaidi ya mara moja nimemkuta mjusi aliyekauka amelala kwenye nyaya, kapiga shoti mashine nzima.

Kuijaribu pawa saplai yenyewe, chomoa plagi yake kubwa ya matundu 24 kutoka kwenye madabodi. Waya wa kijani ni mmoja tu. Uunganishe na wowote mweusi kwa kipande cha waya, kisha ndipo uchomeke umeme na kuwasha swichi ya nyuma. Feni yake ikizunguka, ina uhai. Ukiwa na testa ya kupimia volti, pima kutoka waya mweusi: njano ikupe kati ya volti 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, machungwa iwe karibu na 3.3. Tahadhari, baadhi ya mashine za HP na Dell zina plagi za mpangilio wao wenyewe, na hizo usizijaribu kwa njia hii kama huoni waya wa kijani na matundu 24.

Boksi la pawa saplai lenyewe usilifungue. Ndani mna kapasita kubwa yenye zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa waya. Hapa sibembelezi mtu. Ikifa, inabadilishwa nzima, na unapokwenda kununua beba ile mbovu mkononi, maana umbo na plagi hutofautiana. Mimi huweka kabatini kila pawa saplai nzima ninayoitoa kwenye mashine iliyokufa kwa sababu nyingine. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zilipoikata barabara ya Dar es Salaam wilayani Kilwa, vipuri havikufika kwa wakati, na kabati hilo ndilo lililowawashia watu mashine zao.

Jambo la mwisho kwa mashine iliyo kimya: huenda kitufe chenyewe ndicho kibovu. Kutoka kwenye kitufe kuna nyaya mbili nyembamba zinazoingia kwenye vipini vya madabodi. Zichomoe, rudisha plagi kubwa na waya wa umeme, kisha gusanisha vipini hivyo viwili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Ikiwaka, umepata mwizi.

Feni inazunguka, skrini giza

Hapa ndipo mji wetu unapojionyesha. Ukikaa Shangani au Mikindani, upepo wa bahari unaingia na chumvi yake, na chumvi hiyo inakaa juu ya shaba. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua zikiwepo, unyevu unaimalizia kazi. Matokeo yake ni mashine nyingi "mbovu" ambazo hazina ubovu, zina uchafu.

Anza na rahisi. Monita ina umeme? Imechaguliwa tundu sahihi, VGA au HDMI? Mashine yenye kadi ya picha ina matundu ya monita sehemu mbili, na waya unatakiwa uchomekwe kwenye ile kadi, si kwenye madabodi. Mulika skrini kwa tochi kwa pembeni. Ukiona picha hafifu sana kwa ndani, mashine ni nzima, taa ya monita ndiyo imekufa.

Kama si hayo, twende kwenye RAM. Chomoa umeme. RAM ni vibao virefu vyembamba vilivyosimama karibu na prosesa (chipu kuu, iliyo chini ya feni), vimeshikwa na vibanio pembeni. Sukuma vibanio nje, kibao kitainuka chenyewe. Kigeuze kwenye mwanga uone meno yake ya rangi ya dhahabu. Ya mama wa Tandahimba yalikuwa na utando wa kijani kwenye meno manne matano ya upande mmoja, kijani kilekile unachokiona kwenye sarafu iliyookotwa ufukweni.

Chukua raba ya kufutia penseli, ile nyeupe laini. Laza kibao kwenye karatasi safi, sugua meno kutoka juu kwenda chini taratibu, pande zote mbili, mpaka dhahabu irudi na kung'aa. Usisugue kwa msasa, wala kisu, wala mate. Dhahabu yake ni utando mwembamba mno na ukiuondoa kutu inarudi baada ya wiki. Makombo ya raba yafute kwa brashi kavu. Tundu lake kwenye madabodi nalo lipigwe brashi, au pampu ya kujazia mpira. Spiriti safi unaweza kuitumia kwenye kitambaa, lakini iache ikauke kabisa kabla ya kurudisha.

Rudisha kibao kimoja tu, kwa tundu moja. Bana mpaka usikie "ka" mbili, upande huu na huu. Washa. Ikikataa, hamisha tundu. Ikikataa tena, toa hicho, weka kingine. Inachosha, lakini ndiyo njia pekee ya kujua kama mbovu ni kibao au ni tundu. Ukiiwasha bila RAM yoyote na ikapiga milio au kumwekesha taa, shukuru, kwa sababu maana yake madabodi na prosesa viko hai na vinalalamika. Milio hiyo ina maana: mrefu unaojirudia mara nyingi huwa RAM, lakini kila kampuni ina lugha yake, kwa hiyo hesabu milio na mimweko, kisha utafute maana kwa jina kamili la modeli lililoandikwa kwenye boksi.

Mashine iliyosafiri kwa basi, kabla ya kusafisha lolote, kandamiza kila plagi iliyo ndani. Barabara zetu zinatosha kulegeza waya wa diski.

Betri ndogo inayosumbua wakubwa

Baada ya RAM kusafishwa, mashine ya mama ilitoa picha. Nembo, halafu tarehe ya miaka mingi nyuma, halafu maandishi: "No bootable device found", yaani hakuna diski ya kuanzia. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kutafuta sidii ya Windows.

Kwenye madabodi kuna betri ya mviringo kama sarafu, CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kulinda saa na mipangilio ya BIOS (programu ya madabodi inayoamka kabla ya Windows) mashine ikiwa haina umeme. Ikichoka, kila umeme ukikatika mashine inasahau kila kitu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Sasa kama Windows iliwekwa kwa mpangilio mwingine, mashine inaitafuta mahali isipokuwepo na kusema hakuna diski. Diski iko pale, nzima.

Badilisha betri, upande wa maandishi uangalie juu. Kisha ingia BIOS: Dell kwa F2, HP kwa F10, ukibonyeza mfululizo mara tu baada ya kuwasha. Weka saa sawa. Tazama kama jina la diski linaonekana kwenye orodha. Likionekana, jaribu mambo mawili, moja moja, ukipiga picha ya kila ukurasa kabla ya kuubadili: aina ya kuanzia, yaani "Legacy" au "UEFI", na hali ya SATA (njia inayounganisha diski na madabodi), yaani "AHCI" au "RAID". Ya mama ilikuwa imejirudisha "UEFI" wakati Windows yake ya zamani iliwekwa kwa "Legacy". Nilibadilisha neno hilo moja.

Angalia pia kama kuna fleshi iliyosahauliwa kwenye tundu la USB. Mashine inaweza kuwa inajaribu kuanzia humo.

Diski haionekani, au inalia

Diski ya zamani ya kuzunguka, ikifa, husema. Tega sikio: mlio wa kugonga, tak, tak, tak, ni mlio wa kichwa cha kusomea kinachojigonga. Zima papo hapo. Usiiwashe tena "kuona kama itakubali", kwa sababu kila dakika inakwangua ulichotaka kuokoa. Kama yaliyomo yana thamani kweli, hiyo ni ya mtaalamu wa kuokoa data.

Isipolia ila haionekani, badilisha waya wake mwembamba wa SATA na uuhamishie tundu lingine. Waya huo ni wa bei ndogo na huharibika kuliko watu wanavyofikiri.

Ikionekana lakini Windows haiamki, okoa mafaili kwanza. Hili ndilo ningependa kila karani, mwalimu na mwenye stesheneri alishike. Kwenye kompyuta nyingine nzima, andaa fleshi ya GB 8 yenye Linux Mint, mfumo wa bure unaofanya kazi ya Windows, kwa kutumia programu ya Rufus. Itafuta kilichomo kwenye fleshi, kwa hiyo iwe tupu. Ichomeke kwenye mashine mgonjwa, washa ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP, chagua fleshi. Mint itaanza yenyewe bila kuwekwa kwenye diski; usibonyeze kitufe cha kuiweka. Fungua kidirisha cha mafaili, ingia kwenye diski ya Windows, folda ya "Users", kisha jina lako. Nakili kila kitu kwenda diski ya nje. Zikumbuke "Desktop" na "Downloads", ndiko watu huficha kazi zao za kweli. Programu ya mahesabu huenda inaweka data zake mahali pengine kwenye diski, kwa hiyo itafute kwa jina la programu. Mashine ikiomba ufunguo wa BitLocker, yaani kufuli la Windows la kufunga diski, itabidi uupate kwanza kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine au kwa msimamizi wa ofisi.

Fungua mafaili mawili matatu ya nakala kwenye kompyuta nyingine. Yakifunguka, sasa una ruhusa ya kuchokonoa Windows.

Windows yenyewe

Ukiizima kwa nguvu katikati ya kuwaka, mara mbili tatu mfululizo, Windows 10 na 11 hufungua ukurasa wa matengenezo. Usipofunguka, tumia fleshi ya kuwekea Windows na uchague "Repair your computer". Ingia "Troubleshoot", anza na "Startup Repair". Ikishindwa na tatizo lilianza baada ya masasisho, tumia "Uninstall Updates". Kisha "System Restore" kama kuna tarehe ya nyuma.

Zikigoma zote, fungua "Command Prompt". Andika chkdsk C: /f uiache imalize, hata ikichukua saa nzima, ndiyo sababu nilisema nakala kwanza, maana diski dhaifu inaweza kuanguka humu. Kisha bcdboot C:\Windows hutengeneza upya mafaili ya kuanzia. Katika ukurasa huu herufi ya diski inaweza kuwa D badala ya C, kwa hiyo andika dir C: kwanza uone kama folda ya Windows iko humo.

Ikibidi kupiga Windows upya, basi usifomati. Ukiweka juu ya sehemu ileile bila kuifuta, mafaili ya zamani huhamishiwa kwenye folda ya "Windows.old", na hiyo ni kinga ya pili kwa aliyesahau kitu. Programu zote utaziweka upya, kwa hiyo hakikisha unazo na namba zake. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine yako haiwezi 11 na kazi ni barua na majedwali, Mint ileile ya kwenye fleshi inafaa kuwekwa moja kwa moja.

Ikishawaka

Umeme ukikatika, chomoa plagi. Ukirudi, subiri dakika tano hata kama taa za jirani zimewaka, kwa sababu mshtuko mkubwa huja mwanzoni. Radi ikinguruma, chomoa na waya wa intaneti pia. Mashine isitumie ekstensheni moja na friji. Isikae sakafuni, na kitambaa cha kufunikia kiwekwe ikiwa imezimwa tu, maana ikifunikwa inafanya kazi joto hukosa pa kutokea. Kwa waliokaa karibu na bahari, RAM ipigwe raba mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua.

Mama wa Tandahimba alikaa kwenye benchi saa mbili nzima bila kunywa hata maji. Skrini ilipofunguka alinisogeza pembeni, akashika kipanya mwenyewe, akafungua jedwali lake na kuanza kusoma majina kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, mpaka alipofika la mwisho. Nilimnakilia faili hilo kwenye fleshi mbili. Moja akaitia kwenye pochi. Ya pili alisema anakwenda kumkabidhi mwenyekiti, aifungie kwenye kabati la stakabadhi.